Marashi Ndani ya Maikrofoni

Alhamisi, 20 Februari 1997

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya hesabu za Wafa. Ukurasa wa kwanza una jina lake na jina la shule yake ya Rumonge, kwa mwandiko mzuri kuliko wa baba yake. Nalitumia mimi kwa kuwa mke wangu Nura hazungumzi nami, na mwanamume wa miaka hamsini na mitatu aliyezoea kupiga domo lazima amwage maneno mahali fulani.

Nieleze mara moja yaishe. Binti yangu Wafa ana miaka kumi na sita, alikuwa akikaa kwa dada yangu Jokha huko Rumonge. Nilimwandikia aje Bujumbura tule naye Idi. Jokha akajibu kwamba njia ni mbaya kwa ajili ya vita, tungoje. Mimi, mwenye akili nyingi, nikaandika mara ya pili: mwache aje. Jumatano tarehe tano, basi dogo lilipigwa risasi njiani. Abiria waliruka wakakimbilia milimani. Wengine wamerudi. Wengine tumewazika. Wafa hayumo kwa hawa wala kwa wale.

Leo saa kumi na moja jioni jina lake limesomwa redioni, katika kipindi cha watu wanaotafutwa na jamaa zao. Mwanamke aitwaye Scholastique husoma majina kila Alhamisi, kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili. Alipofika kwa Wafa sauti ilikuwa ikikwaruza kama mtu anayechambua maharagwe juu ya bati. Nina miaka thelathini natengeneza redio hapa Buyenzi, najua redio yangu haina kosa. Ni maikrofoni yao. Imekunywa unyevu.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua.

Jumanne, 25 Februari

Mvua. Nura amesema "chumvi". Nikampa chumvi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki.

Alhamisi, 27 Februari

Nimekwenda kituoni kwa miguu, petroli haipo tangu nchi jirani zitufungie mipaka. Kituo chenyewe ni vyumba viwili na jenereta. Scholastique ni mwanamke mrefu, alikimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, mwaka jana vita vilipofika kwao. Amenitazama kama anayetazama mchuuzi wa wembe.

"We ni nani?"

"Fundi. Na baba wa jina la arobaini na moja kwenye karatasi yako."

"Hapa kila mutu ni baba wa jina," akasema. "Ufundi uko nao kweli, ao ni maneno?"

Nikamwambia maikrofoni yake ni mgonjwa. Akasema anajua, iko nakohoa tangu mvua ianze. Ya pili iliungua mwaka jana, nyingine haiwezi kuingia nchini, na kinasa sauti cha kaseti walikijaribu kikanasa ngurumo ya jenereta kuliko sauti yake.

Nimemsikiliza akisoma akiwa mbele yangu. Anasoma majina ya watu kama mtu anayehesabu magunia bandarini. Jina la mwanangu limepita katikati ya mengine bila hata pumzi. Nimerudi nikiwa nimemchukia, na nikiwa na ahadi ya kuja Jumatatu na bisibisi.

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeifungua. Niandike jinsi nilivyofanya, maana nilifanya vizuri, na siku za mimi kufanya vizuri si nyingi.

Maikrofoni ya namna hii hulishwa umeme na meza ya kuchanganyia sauti ya studio kwa waya ule ule unaobeba sauti. Kwa hiyo nilizima meza, nikangoja dakika kumi umeme uliobaki ndani ushuke, ndipo nikachomoa. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikaikausha, nikashika bomba la maji. Scholastique akauliza kama naomba dua kwa bomba. Nikamwambia mwilini mwa mtu kuna umeme mdogo asiouhisi mwenyewe, na ndani ya kitu hiki kuna kipande kidogo kama punje ya mtama kinachouawa na cheche hiyo. Bomba linaupeleka ardhini.

"Kumbe we ni hatari," akasema.

"Muulize mke wangu."

Ndani, juu, kuna kichwa chake: ngozi ya plastiki iliyopakwa dhahabu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hiyo haiguswi. Si kwa kidole, si kwa kitambaa, si kwa pumzi. Fundi anayeigusa atafute kazi ya kuuza mkaa. Chini yake kuna kibao cha umeme, na hapo ndipo ugonjwa ulipo: vumbi la miaka limekaa juu yake, mvua imelilowesha, na umeme ambao ni mdogo mno unatoroka kupitia uchafu badala ya kupita njia yake. Ndiyo ile kwaru kwaru. Nimepangusa vumbi kwa brashi laini, kisha nikaiweka ndani ya mkebe wa biskuti karibu na taa ikauke taratibu.

Kilichotakiwa hasa ni kuosha kibao kwa alkoli safi, isiyo na maji wala rangi. Sikuwa nayo. Nimemwambia itatosha kwa sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Ilitosha hadi jina la themanini. Kisha maharagwe yakaanza tena.

Baada ya kipindi Scholastique alikuwa ameshika koo. Nikamuuliza kwa nini asifupishe, asome nusu wiki hii na nusu wiki ijayo, apumzike.

"Papa Bader, haujui namna watu wanasikiliza huko mulimani," akasema. "Jina likisomwa, maana yake kuna mutu nyumbani anangoja. Siku jina halisomwi, wanasema basi, ule mwenye kutafuta amekufa, ao amekimbia. Mi mwenyewe nilisikiliza hivyo nikiwa porini. Jina langu lilisomwa mara tatu. Ya ine halikusomwa. Kaka yangu ndiye alikuwa analipeleka."

Kumbe anasoma haraka vile kwa kuwa dakika ni kumi na tano na majina ni mia moja na ishirini, na hataki hata moja libaki nje. Nimechukia watu wengi maishani kwa haraka. Huyu namwondoa kwenye orodha.

Nimemwahidi alkoli kabla ya Alhamisi.

Jumatatu, 10 Machi

Sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nimekwenda kwa Adrien, mwenye duka la dawa karibu na soko. Adrien ana mdomo mkubwa kuliko duka lake. Nimechagua saa mbaya: watu wametoka kuswali adhuhuri, na wazee wawili wa msikiti wetu walikuwa hapo wakinunua dawa ya kikohozi. Nikainama juu ya meza nikanong'ona.

"Unataka nini?" Adrien akasema kwa sauti ya mnada. "Alkoli? Eh! Sikilizeni, Mzee Bader anataka alkoli! Ile ya asilimia tisini na tano! Mzee, bia ya ndizi haikutoshi tena?"

Duka zima likacheka. Wazee wawili hawakucheka. Mmoja alitazama viatu vyangu kwa huruma. Na chupa niliiona, wallahi niliiona, kwenye rafu ya juu nyuma ya kichwa cha Adrien, ndogo, ya kahawia. Ningesema maneno matatu tu: ni ya redio. Nikasema, "Nipe pamba."

Nimerudi nyumbani na pamba.

Jumanne, 11 Machi

Fundi hakosi njia. Marashi ya Nura, yale ya udi, ya chupa ya bluu kutoka Dubai: na yenyewe yana alkoli, tena nyingi, ukiyapaka mkononi yanaruka papo hapo yakiacha baridi. Wala hayanywewi, wala hakuna mzee atakayetazama viatu vyangu. Nimeosha kibao chote kwa marashi, kwa brashi, mara mbili. Nimekausha kwa taa. Nimejaribu kwa vifaa vyangu hapa dukani: kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Nimejisifu peke yangu kwa sauti.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna kipindi.

Mvua ilianza saa nane. Kufikia saa kumi studio ilikuwa na jasho ukutani. Tulipoiwasha maikrofoni ilinguruma kama lori linalopanda mlima, halafu ikanyamaza kabisa. Scholastique alikaa na karatasi zake mbele ya kitu kilichokufa. Mkuu wa kituo akasubiri dakika tano, kisha akasema wapige muziki.

Dakika kumi na tano za gitaa la furaha. Scholastique hakuondoka kwenye kiti. Alisoma majina yote, kwa sauti, ndani ya maikrofoni isiyosikia.

"Ni nini?" akaniuliza baadaye.

"Mvua," nikasema.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeifungua tena. Harufu ya udi imenipiga usoni kabla sijatoa skrubu ya pili. Alkoli ya marashi iliruka, ndiyo. Mafuta yake yakabaki. Kibao kizima kimepakwa utando unaonata, na unyevu wote wa Bujumbura umekuja kukaa juu yake kama inzi kwenye asali. Nilichukua kitu kichafu nikakifanya kinukie vizuri na kisifanye kazi.

Kichwa chake sikukigusa. Hilo ndilo la kujisifu nililobakiwa nalo.

Jumapili, 16 Machi

Nimejaribu kukausha. Umeme umekatika siku nzima.

Jumanne, 18 Machi

Duka la Adrien limefungwa. Wanasema amekwenda kuzika Gitega.

Alhamisi, 20 Machi

Muziki tena.

Nilikuwa nyumbani. Nura alikuwa amekaa karibu na redio akiwa amejifunga kanga vizuri, kama anayengoja mgeni. Gitaa lilipoanza alingoja hadi wimbo wa pili. Kisha akaizima, akaishika kwa mikono miwili, akairudisha juu ya kabati. Akanitazama.

Jumamosi, 22 Machi

Risasi upande wa Kinama tangu asubuhi. Hatujatoka.

Jumatatu, 24 Machi

Adrien amerudi. Dukani kulikuwa na watu saba, nimewahesabu, na mmoja ni imamu wetu mdogo. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti ambayo hata Adrien hana:

"Adrien! Nataka alkoli. Ile safi. Chupa yote."

Hakuna aliyecheka. Nafikiri walimwona mtu ambaye hajalala. Nikaeleza: maikrofoni, majina, Alhamisi mbili. Adrien akapanda kwenye kigoda akaishusha ile chupa ya kahawia. Ilikuwa pale pale.

"Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo nisivyoijua, "kwa nini haukusema ni ya redio? Mi nilikuwa nacheza tu. Mimi nasikiliza ile. Shemeji yangu iko mule, namba ya kumi na tisa."

Hakutaka malipo. Imamu mdogo akaniuliza kama nahitaji mtu wa kunishikia taa.

Jumatano, 26 Machi

Nimeosha kibao mara nne, kwa alkoli kidogo kidogo, nikigeuza pamba mpya kila mara ili nisirudishe mafuta nilipoyatoa. Nimeinua kibao wima ili alkoli isichuruzike kuelekea kichwani. Baada ya hapo sikukishika ila kwa kingo, maana hata jasho la kidole linatosha kurudisha ugonjwa. Saa tano ndani ya mkebe wa biskuti karibu na taa. Kisha nikanusa. Hakuna udi. Hakuna chochote. Sijawahi kufurahia harufu ya kutonukia.

Alhamisi, 27 Machi

Majina mia moja na thelathini na mawili. Safi, mvua ikipiga bati. Jina la arobaini na moja lilisikika mpaka herufi ya mwisho. Scholastique alipomaliza alinigonga begani kwa karatasi.

"Mvua, ee?" akasema. "Mvua yenye kunukia udi."

Anajua. Tangu lini, sikuuliza.

Alhamisi, 3 Aprili

Imesomwa. Hakuna habari.

Alhamisi, 10 Aprili

Imesomwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Idi ya kuchinja. Hatukuchinja. Majirani wameleta nyama, Nura ameipika, tumekula tukitazama sahani. Nilimwambia ni tamu. Akasema, "Imezidi chumvi." Maneno mawili. Nimeyachukua kama zawadi ya sikukuu.

Alhamisi, 24 Aprili

Imesomwa.

Jumanne, 6 Mei

Muuza ndagala, yaani dagaa, kutoka Rumonge ameleta barua leo asubuhi dukani. Ilikuwa imekunjwa ndani ya soksi, na ilinuka samaki. Imeandikwa kwa penseli na mwanamke aitwaye Geneviève, mjane wa mlimani juu ya njia ile. Nainakili hapa kwa kuwa karatasi yenyewe inachanika.

*Baba wa Wafa. Mtoto wako alifika kwangu na muguu umevunjika. Nilimuficha, nilimufunga muguu kwa miti. Njia ilikuwa imefungwa, hatungeweza kushuka. Nilituma neno na muchuuzi moja, sasa naona hakufika. Jirani yangu ana redio. Alhamisi tulisikia jina lake, ijapo redio ilikuwa inakwaruza. Alicheka, akasema baba bado yuko. Alhamisi nyingine tulisikia tena. Kisha wakapiga muziki. Nikamwambia tungoje. Alhamisi nyingine, muziki. Jumamosi watu wengi walipita wanaenda Tanzania, akaenda nao na fimbo. Nilimwambia tungoje Alhamisi moja tu. Akasema hana tena wa kumungoja. Alhamisi ile ile nikasikia jina lake, wazi kabisa. Nilitoka nje nikamuita, sijui kwa nini, alikuwa ameondoka siku tano. Alikuwa anatembea vizuri kidogo. Alichukua sufuria yangu ndogo, nilimupa mwenyewe. Geneviève.*

Nimeisoma nimesimama. Kisha nimeketi chini kati ya redio za watu. Mwanangu yu hai, au alikuwa hai tarehe ishirini na mbili Machi, siku mbili kabla sijapata ujasiri wa kununua chupa. Alikuwa na mguu mbovu na subira nzuri. Mimi nilikuwa na miguu miwili mizima na nikaona haya ya wazee wawili wenye kikohozi.

Nimefunga duka nikaenda nyumbani.

Nura alikuwa anachambua mchele. Nilimsomea barua yote. Alipofika, yaani nilipofika, kwenye "baba bado yuko", alisimamisha mikono. Nilipofika kwenye muziki aliinua uso.

"Kwa nini walipiga muziki?" akauliza.

Ningeweza kusema mvua. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisafisha maikrofoni kwa marashi."

"Marashi gani?"

"Yako. Ya chupa ya bluu."

"Na alkoli haikuwepo mujini?"

"Ilikuwepo. Kwa Adrien. Kwenye rafu."

"Ukaogopa macho ya watu."

"Nikaogopa."

Aliweka ungo chini. Nilingoja anipige nao, na ungekuwa msaada. Badala yake alianza kucheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha hata punje, akasema, "Nilizani nimeyamaliza mwenyewe yale marashi." Kisha kikageuka kilio, na akalia kwa muda mrefu, na mimi sikujua kama naruhusiwa kumgusa. Nikamgusa. Hakuondoa mkono wangu.

"Mi pia nilimuandikia aje," akasema. "Haukujua. Nilimutumia barua na mukate wa tende, nikamwambia asimusikilize shangazi. We uliandika mara mbili, mi mara tatu. Miezi hii yote nashindwa kukuangalia, we unazani nina hasira yako."

Miezi mitatu nimekaa nyumba moja na mtu aliyebeba mzigo kama wangu, nikidhani ananinyima maneno. Fundi wa sauti, mimi.

Baadaye alipangusa uso, akawa Nura tena.

"Wale wa kambi za Kigoma, wanasikia hii redio?"

"Hewa ikitulia, ndiyo."

"Basi Alhamisi hasomi Scholastique. Unasema weye. Mwenyewe, kwa mudomo wako. Useme kwa nini ilinyamaza."

"Nura, Buyenzi nzima itasikia. Msikiti mzima."

"Ndiyo," akasema. "Wasikie."

Alhamisi, 8 Mei

Mvua zimepungua. Tumekwenda wawili. Nura alivaa kama anayekwenda harusini, akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa studio, mkoba mapajani. Scholastique alisoma barua ya Geneviève mara moja, akaikunja, akanirudishia. Alisogea, akanipa kiti chake.

"Jina la arobaini na moja ni lako," akasema. "Uko na dakika moja. Usiguse mashini."

Alisoma arobaini. Kisha akaninyooshea kidole.

Nimetengeneza maikrofoni maisha yangu yote, na hii ilikuwa mara ya kwanza kusema ndani ya mojawapo kitu chenye maana zaidi ya moja mbili tatu. Nilimtazama Nura. Akaniashiria kwa kidevu: sema.

Nilisema hivi, nimeyaandika mara tuliporudi nisije nikayapamba kesho:

"Wafa binti Bader, wa Buyenzi. Ni baba yako. Niko hai. Mama yako yuko hai, amekaa hapa mlangoni na ananikunjia uso. Redio haikunyamaza kwa sababu tumekufa. Haikunyamaza kwa sababu tumechoka. Ilinyamaza Alhamisi mbili kwa sababu baba yako aliona haya kununua alkoli mbele ya watu, akaosha maikrofoni kwa marashi ya mama yako, akaiua. Na nyinyi wengine mliokuwa mkingoja majina yenu siku zile, popote mlipo, ndio hivyo hivyo: watu wenu walikuwepo. Kosa ni la fundi. Anaitwa Bader, ana duka hapa Buyenzi, msimpelekee redio zenu. Wafa, usiende mbali zaidi. Mahali utakapoyasikia haya, kaa hapo. Tunakuja."

Dakika ilikuwa imepita zamani. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama nyuma ya kioo, na hakuniashiria niache.

Hakuna aliyejibu, bila shaka. Maikrofoni haina mdomo wa kurudisha neno, inachukua tu. Niliinuka kwa uangalifu, nikishika kingo za meza. Scholastique akarudi kwenye kiti chake, akavuta karatasi karibu na taa, akasoma jina la arobaini na mbili.